Kani ya Ukoo, Eneo la Msichana

Kiswahili kina maneno mengi ya kubanwa. Hospitali wanapima presha. Vitabu vya sayansi vya shule ya msingi vinasema kanieneo. Na mtu akifanya leo jambo ambalo jana aliapa hatalifanya, majirani wanasema alipata shinikizo.

Neno hilo la mwisho lina historia. Katika Kiswahili cha zamani shinikizo lilikuwa pia chombo cha kukamulia mafuta. Ufuta unaingia, unabanwa, mafuta yanatoka. Anayeshinikiza ufuta hatengenezi mafuta; anayatoa mahali yalipokuwa. Tunapolitumia neno hilo kwa binadamu, mara nyingi tunabeba na imani hiyo bila kuichunguza. Tunasema mtu humjui mpaka abanwe, kana kwamba kubanwa kunatoa tu kile kilichokuwa kimejificha ndani yake: mwoga anaonekana mwoga, mkweli anaonekana mkweli.

Kanieneo ni neno la tabia nyingine. Ni kani na eneo yaliyounganishwa: chukua nguvu inayosukuma, igawanye kwa ukubwa wa mahali inaposukuma. Neno hili halisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya kinachobanwa. Na wanaoshughulika nalo maabara wanajua jambo ambalo mkamua ufuta halijui: kitu kikibanwa vya kutosha kinaweza kuacha kuwa kilivyokuwa na kuwa kitu kingine.

Basi swali langu ni hili. Tunapobanwa, je, tunaonyeshwa tulivyo, au tunageuzwa tusivyokuwa? Na kama tunageuzwa, nani abebe lawama ya tulichokifanya tukiwa tumegeuzwa?

Ninauliza nikiwa Tarime, ninakofundisha fizikia katika shule ya sekondari. Huku swali hilo lina msimu wake. Kwa kawaida ni mwezi Desemba, shule zikifungwa, na kwa koo nyingi za Wakurya ni katika miaka ya namba shufwa. Wazee wa mila wakishatangaza kwamba mwaka ni wa tohara, koo zinaanza kujiandaa. Wavulana wanatahiriwa, na wasichana wanakeketwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Utafiti wa afya ya uzazi wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba mwanamke mmoja kati ya kumi nchini, wa umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa amekeketwa. Katika mkoa wa Mara walikuwa asilimia 32. Sheria ilikuwa na umri wa karibu miaka ishirini.

Ukiwauliza wazazi kwa nini, wachache sana watakuambia walipenda. Wengi watakuambia walishinikizwa.

Baba yangu mdogo ni mmoja wao. Ana mabinti wawili. Wa kwanza alikeketwa akiwa na miaka kumi na mitatu. Wa pili hakukeketwa. Jioni moja, tukiwa tumekaa nje baada ya chakula, nilimuuliza tofauti ilitoka wapi.

“Mwanangu,” aliniambia, “kwa yule mkubwa walinibana pande zote. Wazee, shangazi zako, hata mama yangu mzazi. Ungekuwa wewe ungefanya nini?”

“Na kwa huyu mdogo, baba?”

“Kwa huyu hawakunibana sana.”

Binti yake mkubwa, ambaye leo ni mama, alikuwa amekuja kusalimia na alikuwa anakusanya vyombo. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya kawaida, kisha akaingia jikoni: “Mimi siku ile ukoo sikuuona. Nilimwona baba amesimama mlangoni.”

Kauli hizo mbili hazijaacha kunisumbua, na kwa mtu wa fizikia njia ya karibu ya kuzifikiria ni kurudi kwenye vitu vinavyobanwa kweli. Nitaanza na chuma, kwa sababu chuma ndicho tunachokitolea mfano tukitaka kusema mtu hageuki.

Atomi za chuma cha kawaida, cha jembe au cha nondo, zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Fikiria boksi lenye atomi moja katika kila pembe na moja katikati. Utaratibu wa namna hiyo unaitwa fuwele. Katika mpangilio huo chuma kina usumaku, na usumaku wake ni adui wa hali moja ya ajabu ambayo metali nyingine nyingi huifikia zikipozwa sana: hali ya kupitisha umeme bila ukinzani wowote. Hali hiyo iligunduliwa mwaka 1911 na Heike Kamerlingh Onnes, mjini Leiden nchini Uholanzi, alipopoza zebaki mpaka nyuzi 4.2 za Kelvin, yaani kama nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Ukinzani ulitoweka ghafla. Metali nyingi zilifuata, lakini chuma safi, hata kipozwe vipi, kilibaki na ukinzani wake.

Mpaka kilipobanwa. Kinapopita gigapaskali kama 13, chuma kinaliacha boksi lake. Atomi zinajipanga upya katika matabaka yaliyosongamana, kila atomi ikizungukwa na sita katika tabaka lake, mfano wa sega la nyuki. Usumaku wake wa kawaida unatoweka. Mwaka 2001 wanasayansi wa Japani wakiongozwa na Katsuya Shimizu walionyesha kwamba chuma kilichobanwa kati ya gigapaskali 15 na 30, kikipozwa chini ya nyuzi 2 za Kelvin, kinapitisha umeme bila ukinzani.

Je, uwezo huo “ulikuwemo” ndani ya chuma muda wote, kama mafuta ndani ya ufuta? Unaweza kusema ndiyo, kwa maana kwamba hakuna atomi iliyoongezwa. Lakini ukilipekua jembe lote hutauona. Haukuwa umejificha mahali fulani ukisubiri kutolewa. Uliwezekana tu, na kuwezekana si sawa na kuwepo. Mpangilio mpya ulipotokea ndipo nao ukatokea. Kwa hiyo anayesema “shinikizo limeonyesha rangi yake halisi” anasema zaidi ya anachokijua. Chuma kisichobanwa ni chuma halisi, na kilichobanwa ni chuma halisi. Hakuna kati yao aliye mwongo.

Hilo linamsaidia baba mdogo. Mtu aliyekubali alipobanwa pande zote si lazima awe alikuwa mkatili tangu mwanzo. Lakini ngoja kwanza, maana vitu vyenye chuma vina mengine ya kusema.

Mwaka 2008 kikundi cha Hideo Hosono, huko Tokyo, kilitangaza kitu ambacho wengi hawakukitarajia: mchanganyiko wa lanthanamu, chuma, arseniki na oksijeni, wenye florini kidogo ndani yake, unaopitisha umeme bila ukinzani kwenye nyuzi 26 za Kelvin. Chuma, adui mwenyewe, kilikuwa sasa kiungo. Mwaka huohuo wakaubana mchanganyiko huo kwa gigapaskali 4 hivi, na kiwango kikapanda mpaka nyuzi 43. Tangu hapo maabara nyingi duniani zimekuwa zikibana michanganyiko ya chuma ya kila aina, na yaliyopatikana hayafuati kanuni rahisi kwamba kadiri unavyobana zaidi ndivyo unavyopata zaidi.

Chukua mchanganyiko wa chuma na seleniamu. Ukiachwa huru, hali hiyo inaanza kwenye nyuzi kama 8 za Kelvin. Ukibanwa kwa gigapaskali karibu 9, inaanza kwenye nyuzi 37 hivi. Ukiendelea kubana, fuwele inageukia umbo jingine na hali yenyewe inapotea. Shinikizo lililoijenga ndilo linaloibomoa, na mpaka kati ya kujenga na kubomoa hauonekani kwa macho.

Kisha kuna mchanganyiko wa kalsiamu, chuma na arseniki. Vikundi vya kwanza vilivyoubana viliripoti kwamba unapitisha umeme bila ukinzani. Wengine wakarudia kwa kutumia heliamu kuuzunguka, kwa sababu heliamu inasukuma kwa usawa kutoka kila upande. Hali ile haikuonekana. Kiasi cha shinikizo kilikuwa kilekile. Tofauti ilikuwa kwamba mwanzoni sampuli ilikuwa imebanwa bila usawa, upande mmoja zaidi ya mwingine, na huo usio usawa ndio uliozaa matokeo.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka mpaka wa Sirari. Wakurya wako pande zote mbili, Tanzania na Kenya, na jamaa wa ukoo mmoja wanavuka kwenda sokoni, harusini na msibani. Kenya ilipitisha sheria yake kali dhidi ya ukeketaji mwaka 2011. Katika miaka iliyofuata imeripotiwa mara nyingi kwamba familia zinavuka mpaka na mabinti zao, zikikimbia upande uliobanwa zaidi kwenda upande uliobanwa kidogo. Ndani ya Tanzania pia, sheria inapobana kutoka juu huku ukoo ukiendelea kubana kutoka pembeni, kinachotokea mara nyingine hakifanani na lengo la sheria wala na mila yenyewe: kitendo kinafanyika usiku, kimyakimya, kwa watoto wadogo zaidi ambao hawawezi kukimbia wala kushtaki. Anayepima tu kiasi, yaani miaka mingapi jela au doria ngapi, hajajua atapata nini. Ni lazima aulize pia nguvu inatoka upande gani na upande gani umeachwa wazi.

Kuna swali la tatu, nalo ndilo zito zaidi kwa wanaofanya kazi ya kuokoa wasichana. Shinikizo likiondolewa, nini kinabaki?

Kwa michanganyiko mingi jibu ni: hakibaki kitu. Legeza parafujo za kifaa, na fuwele inarudi ilikotoka. Wakurya wanaoishi Mugumu au Tarime mjini hawahitaji kuelezwa hilo. Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, kimepokea mamia ya wasichana katika misimu ya Desemba. Rhobi Samwelly, ambaye ameeleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13 na nusura afe, anaongoza shirika lenye nyumba salama Mugumu, wilayani Serengeti, na Butiama. Msimu ukipita, msichana anatakiwa kurudi nyumbani. Wazazi wanaitwa, wanazungumzishwa, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi linahusishwa, ahadi zinawekwa kwa maandishi. Kazi ngumu iko hapo. Kumficha mtoto Desemba kunahitaji ukuta na geti. Kumrudisha Januari, aendelee kuwa salama mpaka mwaka shufwa unaofuata, ni jambo jingine kabisa, kwa sababu anarudi kwenye mpangilio uleule aliouacha.

Fizikia inajua njia tatu ambazo badiliko linaweza kubaki.

Njia ya kwanza ni muda mrefu pamoja na joto. Miamba ya ukanda wa Musoma na Mara, ile yenye dhahabu ya Nyamongo, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Iligandamizwa na kupashwa joto ardhini, madini yake yakageuka kuwa madini mengine. Leo iko juu, haina uzito wa kilomita za ardhi mgongoni, lakini haijarudi ilivyokuwa. Imebaki na umbo la shinikizo lililokwisha zamani. Jamii nazo zinabadilika hivyo, kizazi kwa kizazi. Tatizo ni kwamba msichana wa darasa la sita hana vizazi viwili vya kusubiri.

Njia ya pili inahusu namna shinikizo linavyoondolewa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Houston waliubana ule mchanganyiko wa chuma na seleniamu, wakaupoza sana, kisha wakaliondoa shinikizo kwa mkupuo mmoja badala ya polepole. Hali ya nyuzi 37 ilibaki, bila kifaa chochote kubana, na walithibitisha kwamba inaweza kudumu angalau siku saba. Ukiupasha joto kupita kiasi, inapotea. Kwa hiyo kuna badiliko linaloweza kushikilia bila mlinzi, mradi lisipashwe joto mapema. Ninawafikiria wasichana wanaorudi Januari na kukutana na jina la “msagane”, tusi la msichana asiyekeketwa, kisimani na njiani kwenda shule. Joto lao linaanza siku ileile.

Njia ya tatu naiona kuwa ndiyo muhimu zaidi. Baada ya ugunduzi wa Hosono, watafiti walijiuliza: kama kuusogeza mpangilio wa atomi kwa nguvu ya nje kunapandisha kiwango, kwa nini tusiusogeze kutoka ndani? Waliondoa lanthanamu, ambayo atomi yake ni kubwa, wakaweka samariamu, ambayo ni ndogo zaidi. Fuwele ikajikaza yenyewe. Mwaka huohuo wa 2008 wanasayansi wa China walifika nyuzi 55 za Kelvin, bila kifaa cha kubana. Wenye kazi hiyo huliita shinikizo la kikemia. Halihitaji parafujo, kwa hiyo hakuna parafujo ya kulegeza. Aliyeondoka ameondoka, aliyekaa mahali pake ni mwingine, na wote waliomzunguka wamesogea kidogo kumfuata.

Ndiyo maana sherehe mbadala zinazofanywa Tarime na Serengeti, ambapo wasichana wanafundishwa, wanacheza ngoma, wanavikwa mavazi, wanapewa zawadi na kutangazwa kuwa wamekua, si mapambo ya wafadhili kama wengine wanavyodhani. Tohara ilikuwa imekalia nafasi fulani katika maisha ya Mkurya: nafasi ya kuambiwa “sasa wewe ni mtu mzima, wewe ni wetu”. Ukiing'oa na kuiacha nafasi wazi, kitu kitarudi kuijaza. Weka kingine mahali pake, nacho kikae, majirani watasogea.

Hata hivyo, sijafika kwa baba aliyesimama mlangoni.

Mfano wa fuwele una udhaifu ambao lazima niukiri kabla msomaji hajaniwahi. Chuma hakiulizwi. Hakuna atomi iliyokesha ikiwaza kama ikubali kusogea. Mtu akitumia fizikia kusema “nilibanwa, nikageuka, sina hatia”, anajifanya chuma ili asiulizwe, na amesahau kwamba chuma hakiwezi kusema “nilibanwa”. Anayeweza kuitamka sentensi hiyo tayari yuko nje ya mfano. Wahenga walisema lisilo budi hutendwa, lakini hawakutuambia nani ana mamlaka ya kutangaza kwamba jambo fulani halina budi.

Lakini mfano una jambo moja ambalo nadhani ni kweli kwetu kuliko tunavyopenda. Shinikizo halina mahali linapokaa. Chini kabisa ya Ziwa Viktoria, kwenye kina cha mita kama 80, samaki anabanwa mara nane zaidi ya anavyobanwa na hewa ya juu. Nani anambana? Maji yanayomgusa tu. Na hayo yanabanwa na yaliyo juu yake, na hayo na mengine. Hakuna tone moja linalobeba ziwa lote, na hakuna tone linaloweza kusema halihusiki, maana kila moja linapokea na kupitisha. Ziwa halimgusi samaki kwa njia nyingine yoyote.

Ukoo ni hivyo. Baba mdogo anasema ukoo ulimbana, naye anasema kweli. Lakini waliomgusa walikuwa watu: mzee fulani, dada yake, mama yake. Nao ukiwauliza watasema ukoo uliwabana. Na ulipomfikia binti yake, ukoo ulikuwa na sura ya baba. Binti hakusema hivyo kwa ukali. Alieleza tu alichokiona. Yeye hakuwa na njia ya kuuona ukoo ila kwa yule aliyekuwa karibu naye kuliko wote.

Hapo ndipo ninapoona wajibu unapoanzia. Sidhani mtu anawajibika kwa shinikizo lote lililompata. Anawajibika kwa kiasi anachopitisha kwenda kwa anayemfuata, hasa anayemfuata akiwa mdogo kuliko yeye. Kusema “nilibanwa” kunaeleza nilichopokea. Hakuelezi kwa nini nilikipitisha chote.

Na sasa lile neno la shule ya msingi linarudi na kazi yake. Kanieneo ni kani gawanya kwa eneo. Kifaa kinachotumika kubana chuma mpaka kigeuke si mtambo mkubwa. Kinaenea kiganjani. Ni almasi mbili zilizoelekezana ncha kwa ncha, na kati yake sampuli ndogo kuliko chembe ya chumvi. Siri yake iko kwenye udogo wa ncha. Piga hesabu: gunia la mahindi la kilo 100 likisimama juu ya ncha yenye upana wa milimita 0.3, shinikizo chini yake linakaribia gigapaskali 14. Hiyo inatosha kuzipanga upya atomi za chuma. Uliweke gunia hilohilo sakafuni, kuku anakuja kudonoa pembeni yake bila wasiwasi. Uzito haujabadilika hata gramu moja.

Mila, mahari ya ng'ombe, jina la familia, hofu ya mizimu, heshima ya babu: hayo yote ni uzito, na uzito huo unabebwa na watu wengi bila kuwavunja. Mwaka wa tohara unapofika, gunia lote linasimamishwa juu ya ncha moja, nayo ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Si kwamba ukoo una nguvu zisizo za kawaida. Ni kwamba eneo ni dogo mno. Kisha tunashangaa kwamba wasichana wachache tu wanakataa, na wanaokataa tunawaita mashujaa, kana kwamba ushujaa wa mtoto ndio mpango wetu.

Baba mdogo alisema kwa binti wa pili hawakumbana sana. Nimejaribu kuikumbuka miaka ile. Wazee walikuwa walewale. Mahari haikuwa imepungua. Bibi alikuwa hai na msimamo wake haukulegea. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba mwaka ule familia nyingine tatu za jirani zilikuwa zimesema hapana. Katekista alikuwa mmojawapo, na mwalimu mwingine. Wazee walipokuja, walikuwa na nyumba nne za kwenda, matusi ya kugawa mara nne, laana ya kugawa mara nne. Baba mdogo alihisi robo yake akadhani wamemhurumia.

Haya hayamfanyi kuwa na haki kwa yale ya kwanza. Binti yake mkubwa ana deni ambalo hesabu yoyote haitalilipa, na sidhani ni kazi yangu kumwambia asamehe au asisamehe. Lakini yananiambia nini cha kudai kwa walio hai leo. Kumtaka kila baba awe almasi ni kudai jambo litakalotimia mara chache. Kumtaka aende kwa jirani wawili kabla ya Desemba na kusema “sisi hatufanyi, na ninyi je?” ni jambo ambalo mtu wa kawaida, mwoga kidogo kama wengi wetu, anaweza kulifanya.

Darasani kwangu wavulana wanakaa mistari ya nyuma. Mwaka jana, baada ya somo la kanieneo, nilibaki na kundi la kidato cha tatu tukizungumza, na mmoja akasema waziwazi kwamba hatamwoa msagane, kwa sababu nyumbani watamcheka. Mwenzake akamuuliza watakaomcheka ni akina nani. Akaanza kuwataja kwa vidole: kaka yake, binamu zake, rafiki zake wawili. Hao wawili walikuwa wamekaa pale pale. Mmoja akasema yeye hatacheka. Mwingine alikaa kimya kwa muda, kisha akasema itategemea.

Nimeiweka moyoni hiyo “itategemea”. Ni jibu la kweli. Itategemea kama wa kwanza atashikilia neno lake, na kama kutakuwa na wa tatu na wa nne. Vijana hao wataoa baada ya miaka michache, na watakuwa baba wa mabinti. Wanaosoma haya wengi ni wa rika lao au limewazidi kidogo, na hata kama hamtoki Tarime, kila mmoja ana mahali pake ambapo gunia fulani limesimamishwa juu ya mtu mmoja huku wengine wakisema uzito si wao. Hakuna anayetuomba tulibebe gunia lote. Tunaombwa tusogee, tuweke bega, eneo liongezeke.